Okestra ya Nairobi na Mbegu za Okestra Katika Bonde la Ufa la Kati

Okestra ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1947 na ni miongoni mwa okestra kongwe za simfoni katika Afrika Mashariki. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1944, kilikuwa kimefunguliwa chuo ambacho leo kinajulikana kama Kenya Conservatoire of Music. Historia ya okestra haielezeki vizuri bila chuo hicho. Okestra isiyo na mahali pa kufundishia wapigaji wake huishi kwa kutegemea wageni, na mgeni mkataba wake ukiisha hufunga fidla yake akaenda zake.

Katika miaka ya mwanzo wapigaji na wasikilizaji walikuwa hasa Wazungu waishio mjini. Jumba la Maigizo la Taifa lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na muziki wa simfoni ukaonekana kuwa mali ya wenye nchi wa wakati ule. Doa hilo lilichukua muda mrefu kufutika. Kilichoiokoa okestra ni kwamba tangu mwanzo ilikuwa ya ridhaa: wanaopiga wana kazi nyingine za kuwapa riziki, na hukutana kwa mazoezi baada ya kazi. Wageni walipopungua, nafasi ziliachwa wazi kwa Wakenya waliojifunza ala. Miongoni mwa waelekezi wake wa miaka ya karibuni ni Mkenya Levi Wataka, ambaye pia ameelekeza Okestra ya Taifa ya Vijana.

Mageuzi makubwa zaidi, hata hivyo, hayakutokea ukumbini. Yalitokea Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio kando ya jaa la taka la Dandora, ambako Elizabeth Njoroge na shirika la Art of Music Foundation walianzisha mradi wa Ghetto Classics katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Watoto ambao wazazi wao hawangemudu bei ya fidla walipewa ala na walimu. Mwaka 2014 ikazaliwa Safaricom Youth Orchestra, na mapato ya tamasha la jazi la kampuni ya Safaricom yakaelekezwa Ghetto Classics. Papa Francis alipozuru Nairobi Novemba 2015, vijana wa mradi huo walimpigia muziki. Baadaye mradi ulifika Mombasa na Kisumu. Wengi wa waliohitimu hurudi kufundisha wadogo zao, na hapo ndipo penye thamani yake kubwa kuliko tamasha lolote.

Okestra kamili ina wapigaji kati ya 70 na 100. Ndogo huweza kusimama na 40. Zaidi ya nusu yao hupiga ala za nyuzi: fidla, viola, selo na besi. Zilizobaki ni za kupuliza, kuanzia filimbi na klarineti hadi tarumbeta na tuba, pamoja na ngoma. Katika okestra za ridhaa, wapiga filimbi na tarumbeta hupatikana kwa urahisi kuliko wapiga viola, obo au fagoti, na pengo la mmoja wao husikika ukumbi mzima.

Anayetaka kupanda mbegu za okestra katika Bonde la Ufa la Kati atakutana kwanza na hewa yake. Dundori, mashariki ya jiji la Nakuru kwenye mpaka na Nyandarua, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi kali. Mwalimu wa ala huko lazima ajue tabia ya hewa. Baridi hushusha sauti ya ala za kupuliza: klarineti iliyotolewa kwenye sanduku katika nyuzijoto 10 huanza ikiwa chini ya sauti yake ya nyuzijoto 20 kwa karibu theluthi ya nusutoni. Lazima ipashwe joto kwa pumzi kabla ya kulinganishwa na nyingine. Ukame wa Januari nao husinyaza mbao, vigingi vya fidla vikalegea na nyuzi zikashuka.

Eneo hili halianzi na mikono mitupu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezilea kwaya za shule kwa karibu karne nzima. Wandindi, fidla ya Wagikuyu yenye uzi mmoja, inaonyesha kwamba upinde juu ya uzi haukuletwa na meli. Chuo Kikuu cha Kabarak, nje kidogo ya jiji, kina shule yake ya muziki, na mtaala mpya umeipa sanaa mkondo wake katika shule za sekondari ya juu, ulioanza Januari 2026 kwa Gredi ya 10.

Kinachokosekana ni ala za nyuzi na walimu wake. Serikali ya kaunti na wakuu wa shule wanaotaka okestra ya Nakuru wasianze kwa kutafuta mwelekezi wala ukumbi. Waajiri kwanza walimu wawili wa nyuzi, mmoja wa fidla na viola, mwingine wa selo na besi. Wawagawie shule chache zilizo karibu, Dundori ikiwemo, na wawape miaka mitano bila kuwahamisha.