Karatasi ya mshahara wa baba

 

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza. Kwa kuwa mshahara wake unaonekana kwenye karatasi, mkopo nikakosa. Karatasi haioneshi wadogo zangu watatu. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa babu: aliuza machungwa ya shamba zima yakiwa bado maua. Kwa bei gani? Msiniulize.

Sasa, halmashauri kisheria zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mwanafunzi hayumo. Vuka Horohoro tu hapo, kaunti ya Kwale inasomesha watoto wake kwa bajeti yake. Na sisi lori la machungwa likitoka linalipa ushuru, jamani. Diwani akija kuomba kura, muulizeni: fungu la wanafunzi liko wapi?