Nasaba Iliyofichwa: Riwaya ya Fantasia na Kijana wa Pwani Kusini

Riwaya ya fantasia, yaani riwaya inayojenga ulimwengu ambamo mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida hutokea na kukubaliwa kuwa kweli, imemtegemea kwa muda mrefu kijana mpweke anayegundua kwamba wahenga wake walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Katika Akata Witch, iliyochapishwa mwaka 2011, Nnedi Okorafor alimleta kijana huyo Afrika Magharibi kwa sura ya Sunny, msichana wa miaka 12 mwenye ualbino anayeishi Nigeria na kutengwa na wenzake, ambaye kipawa chake kinatokana na bibi ambaye habari zake hazikusimuliwa nyumbani. Kwale nayo, kaunti ya pwani ya kusini ya Kenya, ina hazina ya kuandikia riwaya kama hiyo, ila atakayeiandika atalazimika kuubadili msingi wake, kwa kuwa huku nasaba hufichwa kwa sababu nyingine, na ikifichuka hudai mambo mengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Wamakonde wa Msambweni, huko huko Kwale. Wazee wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji zama za ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakazungumza Kidigo na Kiswahili, na bado dola haikuwahesabu kuwa raia. Mtoto wa nyumba hiyo aliweza kucheza na wenzake pasipo kuona tofauti yoyote mpaka alipotimiza miaka 18, umri wa kuchukua kitambulisho, alipoulizwa na maofisa wa usajili kabila lake, kisha vyeti vya wazazi, kisha mahali alipozaliwa babu yake, na hapo kwenye swali la babu ndipo mlango ulipofungwa. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake wala hapigi kura. Ndiyo maana wapo waliojiandikisha kwa kabila la majirani, na asili yao ikawa siri ya kulindwa. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kenya, ambao wengi wao ni wavuvi wa Kwale na Kilifi, walisubiri kutambuliwa hadi mwaka 2023.

Upande wa pili ni wa Wadigo, wenyeji wa Kwale, ambao zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, hata mali ya mjomba ikamwendea mpwa, kabla ya mirathi ya Kiislamu kuelekeza urithi kwa watoto. Kwa hiyo siri ya kijana wa Kidigo wa Diani, mji wa pwani ya Kwale, ingefaa kukaa kwa mjomba, mahali ambapo riwaya za Ulaya hazina desturi ya kuitafuta. Tena katika Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda, jamii ambazo Wadigo ni miongoni mwake, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, mgeni huingia akiwa amejifunga kaniki, nguo nyeusi, na haruhusiwi kutoka na hata kijiti kikavu. Basi kijana anayegundua kwamba ni wa ukoo wa wazee wa kaya hakabidhiwi silaha, anakabidhiwa miiko.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuukaribia uwanja huu. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), kijana aliyefiwa na mama anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba, lakini kwa mkondo wa uhalisia. Nazo Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) zinauvuka uhalisia kwa maswali ya kifalsafa, na kijana anayebalehe hakai katikati yake. Pengo hilo linasikitisha, kwani wasomaji wengi wa riwaya shuleni ni wa umri huo huo.

Atakayeliziba ana jambo moja gumu la kuamua. Fantasia nyingi humwondolea shujaa upweke kwa kumthibitishia kwamba damu yake ni bora kuliko ya waliomdharau, na Kwale suluhisho hilo halifai, kwa sababu kipimo kinachoitukuza damu ya shujaa ndicho kile kile kilichomnyima mtoto wa Kimakonde kitambulisho, hali amezaliwa nyumba ya pili kutoka kwa shujaa huyo.