MTOTO NA ASILI YA CHAKULA CHAKE
(Mazungumzo kwa walimu, watumishi wa Serikali na wananchi)



Mtoto wa Unguja Mjini hula boflo asubuhi kabla ya kwenda skuli, na huenda akamaliza masomo yake bila ya kuliona suke la ngano. Hilo si ajabu. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba mtoto huyo hula wali, na mabonde ya mpunga ya Cheju na Bumbwisudi hayako mbali naye. Lakini akiulizwa mchele watoka wapi, huenda akajibu kuwa watoka dukani. Si uongo, maana sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar huletwa kwa meli. Ila ni jawabu pungufu.

Mfano wa mafunzo yanayopatikana shambani ni Rhotia, kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, njiani kuelekea Ngorongoro. Ni nchi ya mwinuko na baridi, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Hulimwa mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Mtoto wa huko pengine hajapata kuuona mkarafuu, lakini shamba huliona kila siku.

Hata hivyo, kuona peke yake si kujifunza. Katika wilaya hiyo, ardhi iliyolimwa kwa trekta miaka mingi, kwa kina kile kile, hufanya tabaka gumu chini ya udongo. Maji ya mvua hushindwa kuzama, hutiririka juu na kuchimba makorongo. Mwalimu akipata ruhusa ya mwenye shamba, wanafunzi wakachimba shimo pembezoni mwa mstari wa mahindi, wataiona mizizi ikifika kwenye tabaka hilo na kupinda upande. Kisha wachimbe katika shamba ambalo tabaka limevunjwa na kupandwa fiwi kati ya mahindi, ambazo huko huitwa pia ngwara, ili kuufunika udongo. Walinganishe. Baada ya hapo hawatahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini jirani wawili wenye mvua moja hawavuni sawa.

Jambo hili si geni. Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, na shamba la skuli likawa sehemu ya masomo. Nia ilikuwa wanafunzi washiriki katika kupanga na waone faida ya jasho lao. Lakini pengi jembe liligeuka adhabu ya mchelewaji, na mavuno yakaondoka bila ya watoto kuambiwa yamekwenda wapi. Wazazi wakasema hawakupeleka watoto skuli kulima. Wazazi hao hawakukosea.

Kwa hivyo ziara ya shamba isigeuzwe kibarua. Mwanafunzi ashike jembe kwa muda wa kutosha kujua uzito wake, kisha aulize: mbegu imenunuliwa kwa bei gani, gunia limeuzwa kwa kiasi gani, na nani aliyebeba hasara mvua ilipokatika. Mkulima aachwe ajibu mwenyewe, naye aarifiwe mapema, kwani siku yake ya kazi ni mali. Ziara moja haitoshi. Darasa liende wakati wa kupanda na lirudi wakati wa kuvuna, shamba lile lile. Siku ya kupiga dawa watoto wasipelekwe.