Tuanze na Nyumba ya Mkunga
(Hotuba iliyotolewa kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu)



Mimi ni mhasibu, mniwie radhi nikianza na hesabu. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa, lakini mama anayevuja damu usiku kwetu haokolewi na wastani wa taifa.

Katika kamati ya ujenzi, daktari mmoja, kijana wetu wenyewe, amepinga fedha za mwaka huu kwenda kwenye nyumba ya mkunga. Anataka tulimbikize mpaka tujenge chumba cha upasuaji, kwa kuwa uzazi ukiharibika mkunga hana la kufanya. Naheshimu elimu yake, ila hapo anachanganya watu wawili. Wakunga wa jadi, hao bibi zetu waliotupokea wengi humu ndani, walipewa mafunzo miaka ya 1980, kisha wataalamu wakaona mafunzo hayo peke yake hayapunguzi vifo. Sibishi. Muuguzi mkunga ni mwingine: amesomea, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anachoma sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja mtoto akitoka, anamsaidia mtoto asiyelia apumue, na anajua saa ya kuita gari. Damu ya baada ya kujifungua inaweza kumuua mama kwa saa mbili tu. Bila mtu wa kuliona tatizo mapema, hicho chumba cha upasuaji kitapokea maiti.

Mkunga wetu kapanga kijiji cha pili. Usiku anapigiwa simu, mtandao ukikubali, ndipo atafute bodaboda. Tunaomba vyumba viwili, choo na sola, hatua chache kutoka zahanati. Bibi zetu nao tusiwafukuze. Wao ndio mabinti wanaowasikiliza, basi wawasindikize mpaka mlangoni.

Chumba cha upasuaji kitakuja, na daktari wetu tutamwomba asimamie ramani.

Mweka hazina yuko meza ya mlangoni. Anapokea taslimu, ahadi, mifuko ya saruji na mabati. Usiondoke bila risiti.