Kujaribu Fimbo Nyepesi ya Kuvulia Trauti

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kunena habari za chombo kidogo, nacho ni fimbo ya kuvulia samaki iliyo nyepesi mno. Wengi wenu mwajua kuvua kwa mshipi, hasa ninyi mkaao pwani na kando ya maziwa. Mvuvi hutia chambo katika ndoana, hufunga chubwi la risasi, kisha hutupa. Na uzito wa chubwi ndio uuvutao mshipi mpaka mbali. Lakini samaki aitwaye trauti huvuliwa kwa njia nyingine. Ndoana yake imevishwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na inzi, wala haina uzito wa kutupika. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio uliofanywa mzito, nao ndio utupwao. Inzi hufuata tu, kama mkia wa tiara.

Trauti si mwenyeji wa nchi zetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven huko Scotland mwaka 1905, kwa juhudi za Ewart Grogan, na samaki wakatiwa katika mto Gura, utokao katika milima ya Nyandarua, Kenya. Baadaye walienezwa katika mito ya Mlima Kenya na mingineyo, kwa kuwa hutaka maji ya baridi yaendayo mbio. Katika vijito vya juu, vilivyo vyembamba, trauti hawawi wakubwa. Aliyefikia inchi 9 ni mtu mzima na heshima zake. Ndipo lilipozuka swali letu: je, samaki wa kadiri hiyo yafaa avuliwe kwa fimbo iliyofanywa kwa ajili ya samaki wa ratli 4?

Fimbo hizi hupewa namba kwa uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi wake. Mshipi wa namba 6 una gramu 10 na kidogo. Wa namba 2 una gramu 5 na kidogo. Fimbo yetu mpya ni ya namba 2, urefu wake futi 7, imefanywa kwa nyuzi za kaboni, na ncha yake ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Kwanza tuliijaribu majanini, pasipo maji, tukifunga kishungi cha sufu nyekundu mahali pa ndoana. Fimbo hii haipendi haraka. Ukiisha kurusha mshipi nyuma, yakupasa kungoja mpaka unyoke wote hewani, ndipo uusukume mbele. Ukiharakisha, hukuangukia kichwani kama utando wa buibui.

Kisha tulikwenda kwenye kijito kimoja katika miteremko ya Mlima Kenya (kibali hutakiwa, nasi tulikuwa nacho), mahali ambapo mianzi imeinama pande zote mbili. Hapo fimbo ilionyesha ubora wake. Mshipi mwembamba huanguka juu ya maji pasipo kishindo, na trauti, mwenye macho makali na hofu nyingi, hakimbii. Samaki wa inchi 7, ambaye kwa fimbo nzito huinuliwa kama jani, huikunja hii mpaka karibu na mkono, na kila msukosuko wake wasikika kiganjani. Tena uzi wa mwisho, ushikao inzi, waweza kuwa wa nguvu ya ratli 2 tu wala usikatike, kwa kuwa fimbo hupinda na kupokea mshtuko.

Lakini wepesi huo una gharama, na hapa twaomba mtusikilize vema kuliko pengine pote, maana gharama hiyo hailipwi na mvuvi bali na samaki. Katika shimo moja chini ya jabali tulipata trauti wa inchi 13. Kwa fimbo nzito angalifika wavuni upesi. Kwa hii alikwenda juu na chini mpaka akachoka kabisa. Ikiwa samaki aenda jikoni, haidhuru. Ikiwa atarudishwa mtoni, yadhuru sana: samaki aliyechoka kupita kiasi aweza kuogelea mbele yako kama mzima, kisha akafa mahali usipomwona. Hatari huzidi maji yakipata joto, maana maji ya namna hiyo hushika hewa kidogo. Yakipita digrii 20 za Sentigredi, trauti yu taabuni hata kabla hajaguswa. Wetu tulimshika mumo humo majini kwa mikono iliyolowa, kichwa kikielekea utokako mkondo, mpaka akajitoa mwenyewe kwa nguvu.

Kwa hiyo sisi twaihesabu fimbo hii kuwa chombo cha vijito vya juu na saa za asubuhi. Kwenye mto mpana, au wakati wa ukame maji yapunguapo, twachukua namba 5 na uzi mnene zaidi ili samaki asikawie. Upepo nao ni adui, kwani mshipi wa gramu 5 hauna nguvu ya kuupenya. Siku ya pili, baada ya saa sita, upepo ulipanda kutoka bondeni, inzi akarudi kutupiga usoni mara tatu. Tukaifungua fimbo vipande viwili, tukaifuta maji, tukaitia mfukoni mwake.