Kila Homa si Malaria

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa tabibu mmoja mstaafu mjini Musoma, mbele ya wanafunzi wa sekondari kutoka Musoma, Bunda na Butiama. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

Nimeambiwa nina nusu saa, na najua chakula cha mchana kinawangoja, kwa hiyo sitawachosha.

Hebu tuanze na mikono. Aliyewahi kuugua malaria anyooshe mkono. Aa, naona ukumbi mzima. Shusheni. Aliyewahi kusikia homa ya dengi, ile ambayo wengine wanaiita kidingapopo? Kumi... kumi na mbili. Na chikungunya? Wawili, na mmoja anacheka jina lenyewe. Msione haya. Mimi mwenyewe majina hayo niliyajua chuoni kwa ajili ya mtihani. Mgonjwa alipokaa mbele yangu, sikuyakumbuka. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza leo.

Utingo na sindano

Ilikuwa mwaka 2019, msimu wa mvua. Nilikuwa nafanya kazi katika zahanati moja ya mkoa huu. Akaja kijana, utingo wa lori, anashikiliwa na nduguye. Homa kali, kichwa kinamuuma nyuma ya macho, viungo vyote vinamuuma. Tukampima malaria kwa kipimo cha haraka. Hana. Siku ya pili akarudi. Tukapima tena. Hana.

Kijana akakasirika. "Mganga, kipimo chenu kibovu. Mimi malaria yangu naijua. Nipe dawa mseto, na unichome sindano ya maumivu."

Nawaambia ukweli, nilishachukua kalamu. Nilikuwa namwandikia dawa ya malaria na sindano ya diklofenaki. Foleni ilikuwa ndefu, na mgonjwa akikasirika ni rahisi kumpa anachotaka. Muuguzi mmoja, binti aliyetoka chuoni mwaka ule ule, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa adabu, "Samahani mganga, naomba nimuulize." Nikamruhusu. "Kaka, wiki iliyopita ulilala wapi?"

"Dar es Salaam. Siku nane, tukisubiri mzigo."

Binti alikuwa amesikia redioni kwamba Dar es Salaam kulikuwa na mlipuko wa dengi. Mwaka ule nchi yetu ilipata wagonjwa zaidi ya 6,000, na wengi walikuwa huko Dar. Nikaiweka kalamu chini. Tukampeleka kijana hospitali, na huko ikathibitika ni dengi. Siku mbili baadaye fizi zake zilianza kutoa damu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sindano ile ninaifikiria mpaka leo. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mgonjwa wa dengi, kwa sababu ugonjwa huo unapunguza chembe zinazogandisha damu. Ningemdhuru kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyeniomba!

Angalieni basi. Mgonjwa hakujua, na mganga hakukumbuka. Kilichomwokoa ni swali moja: ulilala wapi?

Mazoea yalitoka wapi?

Msitulaumu sana sisi wa zamani. Zahanati nyingi hazikuwa na kipimo. Mtu akija na homa, tulimpa klorokwini, basi. Mwaka 2001 nchi iliacha klorokwini kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Mwishoni mwa mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Dawa zimebadilika na vipimo vimekuja, lakini vichwa vyetu vimechelewa.

Nitawapa mfano. Watafiti huko Moshi walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, wakatoa matokeo mwaka 2013. Madaktari walikuwa wameandika "malaria" kwa wagonjwa 6 katika kila 10. Baada ya kupima sawasawa, wenye malaria kweli hawakufika 2 katika kila 100! Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine mbalimbali. Na kati ya wale waliopimwa chikungunya, karibu 8 katika kila 100 walikuwa nayo.

Sasa msiende nyumbani mkasema, "Mganga kasema malaria hakuna." La! Moshi si Musoma. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna malaria nyingi kuliko wao, na inaua watoto na mama wajawazito. Ninachosema ni hiki: pima. Ikiwepo, meza dozi yote ya siku tatu, hata kama siku ya pili umepata nafuu. Isipokuwepo, usimeze dawa yake. Uliza, "Kama si malaria, ni nini?"

Mbu si mmoja

Wengi wetu tunadhani mbu ni mbu tu. Sivyo.

Yule anayeleta malaria, anofelesi, huuma usiku zaidi. Hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama mahali wazi: mashimo ya matofali na ya mchanga, majaruba ya mpunga, hata alama za kwato za ng'ombe baada ya mvua. Wenzetu wa Bunda na Butiama mnayajua mashimo hayo.

Yule anayeleta dengi na chikungunya anaitwa aedesi. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, wakati ninyi mko darasani au uwanjani. Naye anapenda kuishi na watu. Hutaga kwenye pipa la maji, ndoo, tairi bovu, kopo, kifuu, chombo cha maua. Mnaoishi mjini Musoma, hebu fikirini mapipa yaliyoko nyuma ya nyumba zenu.

Mayai ya aedesi hunata kwenye ukuta wa chombo, pale juu ya maji. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua ukuta wa pipa kwa brashi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Ukisugua kila wiki, unamkatisha kabla hajaota mabawa.

Magonjwa haya si ya wageni

Kuna mtu atasema, "Dengi ni ya watu wa Dar." Ngojeni kidogo.

Chikungunya iligunduliwa hapa hapa Tanganyika, katika nyanda za Wamakonde huko Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Maji yalikuwa shida Newala, kwa hiyo watu waliweka akiba kwenye vyombo ndani ya nyumba, na humo ndimo aedesi alimozaliana.

Mwaka 1959 ukazuka ugonjwa mwingine kaskazini mwa Uganda, o'nyong'nyong. Nao ulileta homa na maumivu makali ya viungo. Ulisambaa ukafika Kenya na Tanganyika, na mpaka mwaka 1962 watu wapatao milioni mbili walikuwa wameugua. Nao uliletwa na anofelesi, mbu yule yule wa malaria! Mwenye bibi au babu wa umri huo akamuulize kama anaikumbuka homa ya viungo ya miaka ile.

Kwa wafugaji iko homa ya Bonde la Ufa. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, ugonjwa huo uliingia Tanzania, na mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100. Mbu huwaambukiza ng'ombe, mbuzi na kondoo, nao huharibu mimba kwa wingi. Watu huupata kwa kuumwa na mbu au kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mimba za ng'ombe zikiharibika nyingi kwa pamoja baada ya mvua, usichinje, usishike kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo.

Mfanye nini?

Kwanza, mgonjwa akiwa na homa nyumbani, msimpeleke duka la dawa. Apelekwe zahanati, na apimwe siku hiyo hiyo.

Pili, mwambieni mganga bila kuulizwa: homa ilianza lini, mgonjwa alisafiri wapi, nani mwingine anaumwa pale nyumbani, kuna mifugo inayoumwa. Mganga mwenye foleni anaweza kusahau kuuliza. Msaidieni. Kufanya hivyo si kukosa adabu.

Tatu, homa isiyojulikana, tumieni parasetamoli peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa, na maji mengi. Dengi haina dawa yake maalumu. Matunzo ndiyo yanayookoa.

Nne, zijueni dalili za hatari: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kulegea na kusinzia. Kwa dengi, hatari huja mara nyingi homa inaposhuka, wakati watu wanasema "amepona". Hapo msilale. Mkimbizeni hospitali.

Tano, kila Ijumaa kagueni mapipa, nyumbani na shuleni. Sugueni, kisha mfunike vizuri.

Maswali ya wanafunzi

Mwanafunzi wa Musoma: Wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, nao wanaleta malaria?

Hapana. Wale wanakera, wanaingia mpaka kwenye chakula, lakini hawaumi. Usimwogope yule wa wingu ukamsahau mmoja anayelia sikioni usiku.

Mwanafunzi wa Bunda: Kipimo cha malaria hakiwezi kukosea?

Kinaweza, hasa vimelea vikiwa vichache. Ndiyo maana homa ikiendelea unarudi kupimwa tena. Kurudi zahanati ni jambo moja, kumeza dawa kwa kubahatisha ni jambo jingine.

Mwanafunzi wa Butiama: Kama aedesi anauma mchana, chandarua kina faida gani kwa dengi?

Swali zuri. Kinawakinga wanaolala mchana, kama watoto wachanga. Na mgonjwa wa dengi alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasimuume wakapeleka ugonjwa kwa wengine. Usiku kila mmoja alale ndani yake, maana anofelesi hana likizo.

Nimalizie. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa hapo Butiama, alitufundisha kwamba maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Siku ile nikiwa na kalamu mkononi, niliona maradhi na ujinga vimekaa meza moja, na ujinga ulikuwa wangu. Aliyeuondoa alikuwa binti mdogo kuliko watoto wangu. Kwa hiyo msiseme ninyi ni wadogo. Jioni hii, mtu wa nyumbani akisema "nina malaria", muulize kwa upole, "Umepimwa?"



Jadilini darasani

1. Je, nyumbani kwenu mtu akipata homa, nani anaamua ni malaria? Anaamua kwa kutumia nini?
2. Tembeleeni eneo la shule. Hesabuni vyombo na mashimo yenye maji. Ni mbu gani anaweza kuzaliana katika kila kimoja?
3. Mgonjwa anamlazimisha mganga ampe dawa ya malaria ingawa kipimo kinasema hana. Igizeni mazungumzo hayo. Mganga aseme nini?