Baina ya Baraza na Baraza: Khofu ya Kutembea kwa Mtu Anayengojea Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Ada ya mhadhara kama huu ni kuwa mnenaji huanza kwa kueleza ilimu yake ilikotoka na ilipofika, nami naomba ruhusa niivuke ada hiyo upesi. Kwamba Mason na Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa, ndio waliotangulia katika miaka ya 1960 kuligawa tumbo la chakula na kuliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Kwamba baadaye ikaja njia ya kulikata tumbo lenyewe likabaki jembamba mfano wa mkono wa kanzu. Na kwamba mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kipimo cha uzito kwa urefu cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine, kuwa ndio mlango wa upasuaji, mlango ambao mwaka 2022 ulipanuliwa: hayo wenzangu wanayajua, na asiyeyajua atayapata maktabani. Lililonisimamisha hapa ni neno moja ambalo limeniudhi kwa miaka mingi, na ambalo sijaona mtu akilijibu kwa kadiri linavyostahili kujibiwa.

Neno lenyewe ni hili: atembee kwanza, ndipo akatwe. Nimelisikia wodini na katika vikao vya madaktari, nimeliona limeandikwa juu ya faili la mgonjwa, nalo husemwa kwa nia njema na watu ninaowaheshimu, ambao dalili yao ni kama ifuatavyo. Adui anayeogopwa kupita wote kwa mtu mnene aliyetoka chumba cha upasuaji ni donge la damu, ambalo hufanyika katika mishipa ya mguu uliolala, likang'oka, likapanda hadi mapafuni, likamwua mtu ambaye jeraha lake lenyewe halikuwa na ila yo yote. Mguu usiotembea ndio mguu uliolala. Kwa hiyo asiyeweza kutembea asikatwe, arudi nyumbani, ajizoeze, na siku atakapoweza milango i wazi.

Tena wana hoja ya kitabu. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa wa hospitali kumi za Marekani, ujulikanao kwa herufi LABS, uliowafuata wagonjwa 4,776 kwa siku 30 baada ya upasuaji wao wa kwanza. Katika waliofanyiwa njia mbili kuu za wakati huo, vifo havikufika hata mtu mmoja katika kila mia, bali 0.3 tu, na waliopatwa na dhara kubwa, kifo kikiwa miongoni mwake, walikuwa 4.3 katika kila mia. Watafiti walipotazama ni nani hasa waliopatwa, waliona kuwa alama tatu zilijitokeza, kila moja kwa nguvu yake yenyewe: aliyekwisha kupata donge la damu zamani, anayekatika pumzi usingizini, na asiyeweza kutembea futi 200, yaani kama mita 61. Hizo mita 61 ndizo zilizogeuzwa kuwa kizingiti.

Naikubali hesabu hiyo. Nimeisoma mara nyingi, wala sina la kuitia dosari. Ninachokipinga ni hukumu iliyotolewa kwa jina lake. Zitazameni tena zile alama tatu, kwa kuwa zimesimama katika safu moja na uzito wake ni wa namna moja. Mtu anayekatika pumzi usingizini tunamfanyaje? Je, tunamwambia, nenda nyumbani ukapumue vizuri kwanza, ndipo tukukate? Hasha. Tunampa mashine ya kumsukumia hewa, tunamfundisha kuivaa kila usiku, tunamwarifu mtaalamu wa dawa ya usingizi, kisha tunamkata. Aliyepata donge la damu zamani tunamwambia nini? Tunampa dawa ya kuzuia damu isigande, tunampima, tunamvalisha soksi za kubana, kisha tunamkata. Wawili hao khatari yao imekuwa sababu ya kuwaandalia. Wa tatu peke yake, yule ambaye kosa lake ni kuwa magoti yamemshinda, khatari yake imekuwa sababu ya kumfukuza, na dawa ya ugonjwa wake ameambiwa akaitafute mwenyewe. Namwomba ye yote anayeitetea kauli ile anionyeshe ni mstari gani wa utafiti huo uliomruhusu kuwatenga ndugu watatu namna hiyo.

Halafu pana jambo lililokosekana katika mizani yao, nalo ni upande wa pili wa mizani. Siku 30 zilizohesabiwa ni za waliokatwa. Za yule aliyerudishwa nyumbani akaketi hakuna anayezihesabu, kwa sababu akifa kitini mwake baada ya miaka miwili hafi kifo cha upasuaji, na jina lake haliingii katika daftari la daktari aliyemrudisha. Tabibu anayepima khatari ya kutenda bila ya kupima khatari ya kutotenda hajapima kitu.

Hapa naomba mniwie radhi nikae kidogo na mwandishi ninayempenda kuliko wote katika fani yangu, ingawa hakuwa wa fani yangu wala hakuandika hata neno moja juu ya upasuaji huu, maana ulikuwa haujazaliwa. Huyu ni Richard Asher, tabibu wa hospitali ya Central Middlesex huko London, ambaye mwaka 1947 aliandika katika British Medical Journal makala fupi juu ya khatari za kwenda kitandani. Wakati huo kitanda kilikuwa ndicho dawa ya kwanza ya kila ugonjwa, na mgonjwa aliyeinuka alihesabiwa mkaidi. Asher akakichukua kile kitanda akakihukumu kiungo baada ya kiungo, kama kadhi anayewaita mashahidi mmoja mmoja: mapafu yakatoa ushahidi wa makohozi yasiyotoka, mishipa ya miguu ushahidi wa damu iliyoganda, ngozi ushahidi wa vidonda vya mgongoni, misuli ushahidi wa kusinyaa, viungo ushahidi wa kukakamaa, mifupa ikasimama ikasema inavuja chokaa yake, figo zikaonyesha vijiwe vyake, matumbo yakalalamika kufunga choo, na mwisho wa yote ikaitwa roho ya mgonjwa, ikaonekana imekwisha kukata tamaa na kukipenda kitanda. Akatia na ubeti wa mzaha mwishoni, lakini makala yenyewe si mzaha. Niliisoma nikiwa mwanafunzi, nakala iliyopigwa chapa hafifu hata baadhi ya herufi hazisomeki, na tangu siku ile sijaingia wodi yo yote bila ya kukitazama kitanda kwa jicho la shaka.

Fikirini sasa mtu aliyeambiwa akajizoeze kutembea, naye hawezi, basi amekaa. Kiti ni kitanda kilichosimamishwa. Mashahidi wote wa Asher watakuja kumtolea ushahidi mtu huyu, na shahidi wa magoti atazidi wote, kwa kuwa Messier na wenzake walionyesha mwaka 2005, kwa watu wazima wenye magoti mabovu na miili minene, kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Igeuzeni hesabu hiyo muone kinachompata yule ambaye kilo zinamzidi huku akingoja. Goti linauma, basi anakaa. Anakaa, basi paja linasinyaa na mwili unaongezeka. Mwili umeongezeka, basi goti linauma zaidi. Kumwambia mtu aliyefungwa ndani ya mduara huu atoke kwanza ndipo tumfungulie ni kauli isiyoingia akilini.

Na wengine hufungwa mara mbili. Mpasuaji wa mifupa humwambia, punguza uzito ndipo nikubadilishie goti. Mpasuaji wa tumbo humwambia, tengeneza goti utembee ndipo nikupunguze uzito. Jambo hili halikuachwa bila ya jawabu, kwani huko Melbourne, Australia, walichukuliwa watu 82 waliokuwa wakingojea goti jipya, wakagawanywa kwa kura, nusu wakapangiwa kwanza upasuaji wa kupunguza uzito. Na katika wale 41, watu 12 waliposikia nafuu waliliacha goti jipya lisibadilishwe.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliorudishwa. Alikaa Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na kutoka mlangoni kwake hadi soko la Darajani mtu mwenye siha haanzi hata kutoka jasho. Yeye alikuwa hajafika huko kwa miaka mitatu. Daktari aliyemwona, ambaye sitamtaja wala hospitali yake sitaitaja, alimpima uzito, akamwuliza anaweza kutembea umbali gani, naye akajibu kwa adabu, "Baraza mbili, baba." Daktari hakufahamu kuwa baraza ni kile kikalio cha jiwe kilicho mbele ya nyumba zetu. Aliandika kuwa mgonjwa hawezi kujieleza, na kuwa arudi akiweza kutembea. Nilipolisoma neno lile nilitaka kulia, maana katika maisha yangu yote ya kupima wagonjwa sijapata kupewa jawabu lililo bora kuliko lile. Baraza mbili! Alikuwa amemweleza umbali, na mapumziko, na urefu wa kikao anachoweza kukiinukia, na kwamba pana ukuta wa kuegemea, na kwamba njiani wako watu wanaomjua.

Toka siku hiyo nikaanza kuwauliza wagonjwa wangu wanachokiogopa, badala ya kuwaambia wanachopaswa kukiogopa, na mauti hayakuja mbele kama nilivyodhani. Huuliza: nikishindwa kuinuka kitandani jioni ile ile, na wameniambia lazima niinuke, nani ataninyanyua, na je, ni wanaume? Meza itanichukua? Choo cha huko ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Nitapandishwaje ngazi za nyumbani na jeraha tumboni? Mwanamke mmoja alinieleza kuwa ameshaacha kusujudu, anasali juu ya kiti, na anaona haya kana kwamba ni dhambi. Nikamkumbusha kuwa fikihi ilikwisha kumpa ruhusa, aliyeshindwa kusimama asali kwa kukaa, na aliyeshindwa kukaa asali kwa ubavu, wala haikumtaka athibitishe kwanza kuwa anaweza kusimama. Hakuna hata swali moja katika hayo lisilokuwa na jawabu, illa halikuwa na mtu wa kuliuliza.

Sisemi kuwa kisu kinamaliza yote. LABS hao hao waliwafuata watu zaidi ya 2,000 kwa miaka mitatu, na mwaka 2016 wakatangaza kuwa baada ya mwaka mmoja takribani 76 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu ya maana katika kuutumia mwili wao, na baada ya mitatu walikuwa 70. Basi wapo wasiopata, na wapo wanaopata kisha ikapungua. Aliyekatwa hupoteza misuli pamoja na mafuta. Njia ya mkato huidhoofisha mifupa. Na anayetapika kwa wiki nyingi bila ya kupewa vitamini B1 miguu yake huweza kulegea kwa sababu isiyohusiana na uzito hata kidogo. Kwa hiyo mazoezi kabla ya upasuaji nayataka, tena nayataka kuliko hao ninaowapinga, lakini nayataka yawe kazi yetu, yaanze siku mgonjwa anapopokewa, yasiwe sharti la kupokewa.

Na yaanze na baraza. Najua wenzangu wamechoka kunisikia, na mmoja wao, mtu wa ilimu nyingi, ameniambia kuwa kuweka viti njiani ni kumfundisha mgonjwa kukaa. Nimelipima neno lake kwa insafu. Lakini hata kile kipimo cha kutembea kwa dakika sita tunachokitumia sote, katika ukumbi wa mita 30, kinamruhusu mtu asimame aegemee ukuta na apumzike, saa ikiendelea, kisha aendelee. Na asiyeruhusiwa kupumzika hajaribu. Ukumbi usio na pa kukaa humfanya mtu asiondoke kitandani. Basi nataka kila wodi iwe na viti vyenye mikono, vipana, vya urefu wa goti, kila baada ya hatua kumi na tano, na mgonjwa aambiwe leo baraza moja, kesho mbili.

Hivyo ndivyo tulivyofanya Mkunazini. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, shangazi alitoka hadi baraza ya kwanza, akaketi, akarudi. Baada ya siku tisa akafika ya pili na kurudi bila ya kushikwa mkono. Baada ya wiki saba ya nne, na daktari mwingine, katika hospitali nyingine, akakubali kumpasua. Usiku ule wa upasuaji alipoinuliwa alimwuliza muuguzi, "Mwanangu, baraza iko wapi?" na yule binti, Mungu amjazi kheri, hakucheka, bali alikwenda akavuta kiti kutoka chumba cha wauguzi akakiweka katikati ya ukumbi. Mwaka uliofuata, siku ya pili ya Mfungo Mosi, nilimfuata nyuma akienda Darajani. Goti lake la kulia lilikuwa bado linauma na alikuwa bado na mkongojo. Baraza ya kwanza aliipita. Ya pili aliketi, kwa kuwa mwenye baraza alikwisha kumtilia kahawa.